Isokaboni si jina la sumu

Kwa mkulima wa mahindi, mbolea ya kikaboni ni samadi na mboji, na isiyo ya kikaboni, yaani isokaboni, ni ile ya mfuko, ya chumvichumvi. Shambani lugha hiyo inatosha. Matatizo huanza mwanafunzi anapoingia nayo kwenye somo la kemia, akiamini kwamba isokaboni ni kitu cha kiwandani, kisicho cha asili na chenye madhara.

Dhana: cha kiwandani ni isokaboni, kitokacho kwa kiumbe ni kikaboni.

Urea, mojawapo ya mbolea za mfuko, inaikataa dhana hii waziwazi. Hutengenezwa viwandani kwa amonia na kabonidayoksaidi, na kanuni za kilimo hai haziiruhusu. Hata hivyo, kwa mkemia urea ni ya kikaboni, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye mkojo wetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wanasayansi wengi, akiwemo Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi, waliamini kwamba vitu vya kikaboni huhitaji nguvu ya uhai ili viundwe. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akapata fuwele za urea maabarani bila figo ya mtu wala mnyama. Imani ile haikufa siku hiyo, lakini kidogo kidogo kipimo kilihama kutoka kwenye asili ya kitu hadi kwenye kaboni na jinsi ilivyoungana. Upande wa pili, matumbawe na makombe ya baharini hujengwa na viumbe hai, lakini ni kalsiamu kaboneti, isokaboni kabisa.

Dhana: chochote chenye kaboni ni cha kikaboni.

Magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, yana kaboni. Lakini kaboni hiyo imezungukwa na oksijeni tatu ndani ya kaboneti. Haikushikana na haidrojeni wala na kaboni nyingine. Ndiyo maana magadi, mawe ya chokaa, kabonidayoksaidi na sianidi huhesabiwa isokaboni. Tusidanganyane: mpaka huu una desturi ndani yake. Urea nayo kaboni yake haikushikana na haidrojeni, ila historia na ukoo wa molekuli zinazofanana nayo vimeiweka upande wa kikaboni.

Dhana: isokaboni ni hatari, kikaboni ni salama.

Maji na chumvi ya mezani ni isokaboni, na hakuna anayeishi bila hivyo. Kwa zebaki, umbo la kikaboni ndilo linalotisha zaidi likiliwa. Methili-zebaki hujilimbikiza kwenye samaki na kushambulia ubongo. Hiyo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Bakteria wa kwenye matope ya mito na maziwa wanaweza kuigeuza zebaki ya kawaida, kama ile ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kuwa umbo hilo.

Turudi kwenye mahindi. Mizizi hufyonza naitrojeni hasa ikiwa naitreti au amoniamu, na zote mbili ni isokaboni. Samadi lazima ivunjwe kwanza na vijidudu vya udongo ndipo mmea uipate naitrojeni yake. Urea pia huvunjwa udongoni. Samadi inaizidi mbolea ya mfuko kwa jambo jingine: huujenga udongo wenyewe, ukashika maji na kulisha vijidudu hivyo msimu baada ya msimu.