Unabadilisha paa? Jua kwanza lori litamwaga wapi

Kabla ya masika simu huwa zinaanza, na nyingi ni za aina moja, mtu anakwambia afisa mimi naezua nyumba wiki ijayo, kanta ya kubeba takataka za paa nitapata kwa pesa ngapi? Mimi kazi yangu ni afya ya mazingira huku Pwani, bei za kanta si zangu, lakini huwa namuuliza swali moja tu: hilo paa ni la nini? Wengi hapo wananyamaza kidogo, halafu wanasema aah, ni yale mabati mazito ya zamani, ya kijivu. Basi hapo mazungumzo yanabadilika kabisa, maana hayo huenda ni asbesto, mabati ya saruji yenye nyuzi za madini zinazodhuru mapafu.

Kama ni mabati ya chuma huna shida, mita mraba 100 za geji 30 hazifiki hata kilo 300, na watu wa vyuma chakavu watakuja wenyewe mlangoni. Vigae ndivyo vinavyowadanganya watu, paa la ukubwa uleule ni tani 4 au 5, sasa unakodi kanta ya tani 3 unadhani ni safari moja, unajikuta unalipa mbili. Vigae vilivyovunjika ni salama, jazia shimo, weka njiani, sawa tu. Mbao ng'oa misumari kwanza, watoto wa jirani wanatembea peku.

Asbesto ndiyo imenifanya niandike haya.

Utaijuaje? Ni nene, kama milimita 6, ya kijivu, haishiki kutu, sumaku haigandi, ukiigonga inatoa sauti nzito ya udongo na si ule mlio wa bati. Iko kwenye nyumba za wafanyakazi za zamani, shule, magodauni, majengo mengi yaliyojengwa kabla ya miaka ya 90. Kuna nyingine za siku hizi zinafanana nayo na hazina asbesto, na kwa macho hutazitofautisha, ni maabara tu, kwa hiyo kama hujui ichukulie kuwa ni asbesto na usivunje kipande eti ukaangalie ndani.

Ndani ya ile saruji kuna nyuzinyuzi za madini, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Bati likiwa zima nyuzi zimeshikwa na saruji, hazina habari na wewe. Likivunjwa, likikatwa na grainda, likisuguliwa kwa brashi ya waya, zinapaa hewani na huzioni, unavuta, zinakaa kwenye mapafu na mwili hauna njia ya kuziyeyusha. Zinaleta kovu la mapafu, saratani ya mapafu, na saratani ya ule utando unaozunguka mapafu inayoitwa mesothelioma. Na ugonjwa hauji kesho, unakuja miaka 20, 30, hata 40 baadaye, ndiyo maana fundi atakwambia mimi nimevunja haya mabati miaka kumi na sijakohoa hata siku moja, na anasema kweli, labda tu muda wake haujafika. Kuna wanawake waliougua ambao hawakuwahi kukanyaga eneo la kazi, walikuwa wanafua nguo za waume zao.

Kuna mahali nilifika nimechelewa. Paa lilishashushwa, kushushwa kwenyewe ni kutupwa kutoka juu, vipande vimejaa uani na vumbi jeupe liko juu ya majani ya mpapai. Watoto watatu walikuwa wameokota vipande wanachora sakafuni, maana vinaandika kama chaki. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia, ufagio mkavu, na ameshatenga vipande vikubwa pembeni vya kuezekea banda la kuku. Hakuna aliyemwambia kitu. Fundi alikuwa ameshalipwa na kuondoka.

Kwa hiyo mpangilio ni huu, lori kwanza halafu ngazi. Kenya imepiga marufuku asbesto tangu 2006, na kanuni za taka za mwaka huohuo zinaihesabu kuwa taka hatari, maana yake haibebwi na kanta yoyote tu, anayebeba lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na awe na ile karatasi ya kufuatilia mzigo kutoka kwako mpaka unapozikwa. Ombeni muione leseni. Mwenye kanta wa kituoni atakutajia bei rahisi kweli, lakini atamwaga kando ya barabara au kwenye jaa la wazi kama Mwakirunge au Dandora, ambako kuna watu wanachambua taka kwa mikono kutwa nzima, vumbi lako litaingia vifuani mwao.

Siku ya kazi watoto na majirani wasiwepo karibu. Mabati yaloweshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, tumia pampu ile ya kupulizia dawa shambani, si mpira wa maji ya nguvu. Boliti zifunguliwe, bati lishuke zima, likipokelewa mkono kwa mkono. Fundi asikanyage bati lenyewe, asbesto kuukuu hupasuka ghafla chini ya mguu na watu wameanguka wakafa, aweke mbao za kutembelea. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haisaidii, inatakiwa FFP3, ile barakoa ya kuchuja vumbi laini, ikikosekana kabisa FFP2, ya daraja la chini yake. Kila rundo lifungwe mara mbili kwa nailoni nzito, ile geji 1000 ya kuweka chini ya slabu, na liandikwe asbesto kwa herufi kubwa.

Na kama paa lako ni zima, halijapasuka, haliguswi, huna haja ya kukimbilia kuliezua mwezi huu, liache hivyohivyo mpaka upate pesa ya kulitoa vizuri.

Wale ambao vipande vimeshabaki uani, msifagie na msichome moto, kwenye moto vinalipuka na kurusha vumbi. Lowesha, okota kwa glovu, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, kitambaa chenyewe kiingie humohumo kwenye nailoni, funga, weka mahali kuku na watoto hawafiki, kisha pigia ofisi ya afya ya umma ya kaunti yako au NEMA wakuelekeze mbebaji.