Miezi mitano njiani peke yangu nikiwa na miaka 64: nani atakuangalia usoni asubuhi?

Watoto wangu waliposikia nataka kuondoka miezi mitano peke yangu cha kwanza walichotaja ni wezi. Mama utaibiwa, mama mabasi yanapinduka, mama mipakani watakusumbua. Niliwaelewa kabisa. Ila nimefanya uuguzi miaka 34, mingi yake wodi ya magonjwa ya ndani, nimestaafu 2019 nikiwa na 60, na kwa niliyoyaona wodini mie hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa: kwamba nitaamka siku moja nimebadilika na hakuna anayenijua wa kuona nimebadilika.

Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Mwili ukishavuka miaka 60 na kitu, ugonjwa unabadilisha mlango wa kuingilia. Kijana akipata nimonia au maambukizi ya mkojo anachemka homa, anatetemeka, kila mtu anaona huyu anaumwa. Mzee anaweza asiwe na homa hata kidogo, akaanza tu kuchanganya maneno, anauliza leo siku gani mara tatu, chakula hakitaki, anaanguka bafuni na hajui kaangukaje. Wazee wa hivi tumewapokea wengi sana na karibu wote walikuwa wameletwa na mjukuu au jirani, wenyewe ukiwauliza wanakwambia mie mzima wa afya hawa wananisumbua tu. Mtu aliyechanganyikiwa hajijui kama amechanganyikiwa. Sasa mchukue huyo huyo umuweke gesti Sumbawanga, chumba namba saba, amelipia siku nne, mhudumu hajawahi kumwona kabla na hajui kawaida yake ikoje, yaani mpaka mtu aje kugonga mlango siku ya nne.

Kwa hiyo kabla sijagusa begi nilikaa na kitinda mimba wangu tukapanga. Kila siku saa moja asubuhi namtumia voisi, sio meseji, voisi. Meseji ya "nimeamka salama" unaweza kuiandika hata ukiwa na hali mbaya, lakini sauti haifichi, mtu anayekujua akisikia unavuta maneno au unahema katikati ya sentensi anajua. Na kila usiku namtumia jina la gesti na namba ya simu ya mapokezi, ikifika saa nne asubuhi hajanisikia anapiga kule. Miezi mitano alipiga mara mbili, mara zote bando lilikuwa limeisha, na mara zote nilimshukuru kwa dhati. La pili nilijiwekea kwamba popote nitakapokaa zaidi ya siku tatu nachagua sehemu moja ya kunywa chai, hapo hapo kila siku, saa ile ile. Hili la chai ndio lililoniokoa, nitalifikia.

Niliondoka mwisho wa Juni 2023, masika yameisha. Nilipandia treni ya TAZARA Ifakara kwenda Mbeya, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa na Wachina ikakabidhiwa 1976, na wakati wa ujenzi nilikuwa msichana mdogo nikiwaona wakipita na magari ya mchanga. Daraja la pili chumba kina vitanda sita, wanawake peke yao, na tiketi yangu ilikuwa ya kitanda cha juu kabisa. Nikasimama nakiangalia. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema shikamoo bibi, nikasema marahaba mwanangu, hata sijaomba kitu akawa ameshabeba shuka zake anapanda juu, mtoto akabaki na mimi chini. Tulivyoanza kupanda milima baada ya Mlimba, handaki baada ya handaki, kila likiingia giza mtoto ananishika kidole. Ukisafiri peke yako ukiwa mzee unapewa vitu kama hivi kila siku, na nasema hivi makusudi kwa sababu watu wanadhani upweke wa safari unaanza siku ya kwanza. Mie ulianza mwezi wa tatu wa safari.

Mabasi sasa. Mbeya hadi Sumbawanga, Sumbawanga hadi Mpanda, Mpanda hadi Kigoma. Wanawake tuna tabia moja mbaya sana, tukijua basi litasimama porini kuchimba dawa, yaani watu wajisaidie, basi hatunywi maji kabisa tangu jana yake jioni, maana kujificha nyuma ya kichaka na magoti haya sio mchezo. Shida ni kwamba uzeeni kiu yenyewe inapungua, ubongo hautoi taarifa mapema, kwa hiyo unaweza kuwa umekauka na husikii kiu, na kama unakunywa dawa ya presha ile ya kukojoza ndio unakauka mara mbili. Matokeo yake ni kizunguzungu, mkojo mweusi, UTI, na damu nzito kwenye miguu iliyokunjwa masaa manane. Kukaa bila kunyanyuka zaidi ya masaa manne kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, na umri unaongeza juu yake. Mie nilifunga safari za masaa sita tu kwa siku, pakiwa mbali zaidi nalala katikati. Maji nakunywa kidogo kidogo, funda mbili tatu kila nusu saa, sio chupa nzima kwa mpigo, nakaa kiti cha njiani, vifundo vya miguu nazungusha. Na kitenge. Kitenge kikubwa, unajifunga kiunoni ukiwa porini na hakuna anayeona kitu.

Hapa niseme la miguu maana naulizwa sana. Miguu ikivimba yote miwili sawasawa jioni baada ya basi, inua juu ya mto ulale, asubuhi uangalie. Mguu ukivimba mmoja, unauma kwenye nyama ya nyuma, una joto, usikandwe na mtu wala usipake dawa ya kuchua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiongezea na kushindwa kupumua usisubiri hata basi la kwanza, tafuta gari.

Kigoma nilipanga kukaa siku tano nikakaa wiki tano. Asubuhi natembea hadi Ujiji na kurudi na daladala, kule kwenye miembe na jumba la makumbusho wanapoonyesha Stanley alipomkuta Livingstone 1871, mchana nakula migebuka kwa ugali na mawese, jioni nakaa na akina mama wa dagaa mwaloni, pale ziwani wanaposhushia samaki, tunaanika na kugeuza. Hakuna aliyeniita kulea mtoto wake. Naomba nisieleweke vibaya, wajukuu zangu nawapenda, ila tangu nistaafu nilikuwa nimekuwa mtu wa zamu tena, huyu anaenda kazini analeta mtoto, yule ana semina analeta wawili, na hakuna aliyewahi kuuliza bibi umelala. Pale mwaloni waliniita kwa jina langu. Presha yangu niliondoka nayo nyumbani 158 kwa 94, nilikuwa naipima kila asubuhi kwenye kimashine cha mkononi naandika kwenye daftari, na wiki ya nne Kigoma ikawa 136 kwa 82. Kutembea, samaki, chumvi kidogo, usingizi. Nililia siku ile, kwakweli.

Kutoka hapo Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, Ngara, mpaka Rusumo. Jamani wazee wenzangu, Rwanda magari yanapita kulia. Kijana anazoea ndani ya siku moja, sisi tumekuwa tukiangalia kulia kwanza kwa miaka 60, shingo inageuka yenyewe kabla hujafikiri. Siku ya pili Kigali nilishuka barabarani nikiwa naangalia upande ambao hauna gari, kijana wa moto, ndivyo wanavyoita bodaboda kule, akafunga breki tairi likagusa begi langu. Kuanzia siku hiyo sikuvuka bila kuvuka na mtu, nasimama nasubiri mwanafunzi au mama mwenye mtoto, nashika mkono wake. Ukifika Katuna kuingia Uganda unarudi kushoto na inabidi uanze upya.

Sasa la dawa. Nilibeba amlodipini, dawa yangu ya presha, ya miezi mitatu nikijua nitanunua mbele. Kigali zikaisha, nikaingia duka moja la dawa, boksi limeandikwa Kifaransa, dawa ni ile ile nikalipa nikaondoka. Natumia miligramu 5. Zile zilikuwa 10. Namba imeandikwa mbele ya boksi na mimi nimegawa dawa miaka 34, sikuisoma. Na kimashine cha presha betri zilikuwa zimekufa tangu mpakani, nikawa nasema nitanunua kesho nitanunua kesho.

Kampala nilipanga chumba Old Kampala, chini ya ule msikiti mkubwa, na chai yangu nikawa nanywa kwa mama mmoja muuza chapati na mayai, zile wanazoita rolex. Mama wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, Kiswahili anacho kizuri cha kule kwao. Siku za mwanzo tunasalimiana tu. Nilianza kuona kizunguzungu nikisimama, nikasema ni baridi ya Kabale nilikopita, nikasema ni uchovu, nikajitafutia sababu zote. Kitinda mimba hakusikia kitu kwenye voisi maana sauti ilikuwa nzima. Asubuhi ya siku ya 11 tangu nianze zile dawa naondoka pale kwenye meza yake akaniita, "Mama, kuja hapa kwanza. Siku ya kwanza hizi sendo zilikuwa zinakuacha nafasi. Leo mkanda umekukata." Nikaangalia chini. Mkanda ulikuwa umezama kwenye nyama, ukiutoa unaacha mfereji, na nikibonyeza kidole juu ya kifundo shimo linabaki. Miguu yote miwili. Nilikuwa nimevaa zile sendo kila siku kwa mikono yangu mwenyewe.

Alifunga meza akanisindikiza kliniki. Presha 102 kwa 60, kwa mtu niliyezoea 136 hiyo ni ya kuanguka nayo. Daktari akasoma boksi akanionyesha namba, sikuwa na la kusema. Tukarudi kwenye 5 na baada ya wiki hivi miguu ikarudi. Amlodipini inavimbisha miguu kwa baadhi ya watu na dozi ikipanda uvimbe unapanda, nilikuwa nawafundisha wanafunzi hilo. Kwa hiyo nawaomba, ukinunua dawa ugenini beba paketi tupu ya zamani uilinganishe na mpya, jina na namba, hapo hapo dirishani kabla hujatoa hela. Na maumivu ya magoti yakizidi msikimbilie diklofenaki za kununua tu mtaani, ukiwa na presha na unatumia vidonge vya presha, halafu umekauka maji ya safari, figo ndio zinalipa. Panado inatosha siku nyingi.

La chanjo ya homa ya manjano kwa kifupi. Kadi tangu 2016 ni ya maisha, ile ya zamani uliyonayo usiitupe. Ila kama hujawahi kuchanjwa na umeshafika 60, usiende tu kupanga foleni, muone daktari kwanza, chanjo ile ikiwa ni mara ya kwanza inaweza kuleta madhara makubwa, ni kwa wachache, ila kwa umri wetu hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Na kadi ya bima ya nyumbani ukivuka mpaka ni karatasi, weka hela ya hospitali pembeni usiiguse kwa kitu kingine.

Mwezi wa tatu na wa nne wa safari ndio mgumu. Mchana uko sawa, ila magharibi, watu wanarudi makwao, unasikia sufuria za jirani, mtoto anaitwa aje kuoga, na wewe umekaa kitandani gesti unaangalia feni. Nilikuwa Kisumu mwezi wa kumi nilipopigiwa kwamba rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha uuguzi, tumekaa bweni moja, amefariki alfajiri. Waislamu hawachelewi, alizikwa alasiri ile ile. Nilikaa ufukweni ziwani simu sikioni nasikiliza sauti za msibani mtu mmoja baada ya mwingine ananipa, na sikuwa na wa kumwambia huyu alikuwa nani kwangu. Kwetu kukosa kumzika mtu wako sio jambo dogo na sitamwambia mtu yeyote kwamba utalizoea. Ukiondoka muda mrefu katika umri huu, wa rika lako wanaondoka wakati haupo, hesabu hiyo uipige kabla ya nauli. Nilifuta kukaa Nairobi na Mombasa, nikapita haraka nirudi, arobaini yake nilikuwepo, nilichambua mchele toka asubuhi.

Wapo ambao ningewazuia kabisa. Kama ulilazwa kwa moyo au kiharusi hivi karibuni na daktari hajakuruhusu, subiri. Na kama wanao wameshaanza kusema mama unasahau sana siku hizi, usiende peke yako hata kama wewe huoni, kwa sababu ile ile niliyoieleza juu.

Mie mwaka huu masika yakiisha naenda tena, nataka Tabora kwa treni. Betri za kimashine nimenunua pea nne. Mama wa Arua namba yangu anayo, asubuhi akishawasha jiko ananitumia neno moja tu, "Miguu?", nami naiangalia kwanza ndio namjibu.