Nauli ya Mashua na Mkataba wa Ng'ambo: Kutunza Fedha za Ruzuku za Makumbusho

Mashua inayotoka Mbita kwenda Kisiwa cha Mfangano haina kitabu cha risiti. Utingo hupita katikati ya magunia na makreti ya soda, anapokea noti, anaikunja, anaitia mfukoni, na injini inawashwa. Abiria wa kawaida hana neno. Lakini aliyepanda kwa fedha za ruzuku kutoka ng'ambo ameshajipalia makaa.

Mimi ni mhasibu wa ruzuku, na kwa miaka mingi nimeshika hesabu za miradi ya urithi kati ya Kisumu, Homa Bay na Migori. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa wa kurekodi masimulizi ya wazee kuhusu vyombo vya kale vilivyo katika ghala la makumbusho fulani ya Ulaya. Tuliwalipa wazee nauli ya mashua na boda boda, tukaandika kila shilingi daftarini. Mradi ulipokwisha, mshirika wetu wa ng'ambo aliikataa nauli yote kwa kuwa haikuwa na risiti. Hakuna aliyeiba hata ndururu, lakini taasisi yetu ililazimika kulipa pengo hilo kutoka mfukoni mwake, na mfuko wenyewe ulikuwa mwembamba.

Tangu siku hiyo siruhusu mkataba usainiwe kabla ya kuuliza swali moja: pale ambapo hakuna risiti, mtakubali nini? Wafadhili wengi hukubali fomu ya malipo ikiwa jambo hilo limeandikwa mapema. Fomu yetu ina jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, safari ilitoka wapi kwenda wapi, kiasi, sahihi ya mpokeaji na sahihi ya shahidi ambaye si mlipaji. Nakumbuka nyanya mmoja aliyekuja kututambulia vyungu na vibuyu kwenye picha. Hakuwa anajua kuandika. Nilimfungulia kidau cha wino, akabonyeza dole gumba, akaliinua juu akalitazama, kisha akaniambia, "Mwanangu, nisomee kwanza umeandika pesa ngapi." Nilimsomea. Tangu hapo kila mpokeaji husomewa kiasi kwa sauti, kwa lugha yake, kabla ya kutia sahihi. Mkaguzi hakuwahi kututaka tufanye hivyo. Nyanya ndiye aliyetufundisha.

Ushirikiano wa namna hii umekuwa ukikua, na mambo mengi bado yanatungoja. Mwaka 2007, picha za zamani za Wajaluo zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, zikiwemo zilizopigwa 1936, zililetwa Nyanza na kuonyeshwa vijijini katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene. Mwaka 2018 Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoko Migori, liliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mradi ulioyaunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho ya Cologne na Frankfurt ulitambua vifaa zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo. Ili tuvifikie vifaa hivyo, hata kwa picha tu, fedha zitavuka mipaka. Na mara nyingi zitapitia kwanza kwa mshirika mkubwa, ndipo zije kwetu.

Hapo ndipo taasisi ndogo huumia. Bajeti huandikwa ng'ambo, hutumwa kwetu ikiwa imebaki siku mbili maombi yafungwe, na mhifadhi wetu huikubali kwa furaha bila kumwita mhasibu. Mhasibu huiona kwa mara ya kwanza fedha zikishaingia benki. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu dawa yake haigharimu chochote: mhasibu awepo tangu rasimu ya kwanza.

Akiwepo, ataitafuta gharama ya uendeshaji. Umeme wa ghala, mlinzi wa usiku, intaneti, kazi ya mhasibu mwenyewe, vyote hivyo mradi huvitumia bila kuvilipia. Kwa ruzuku nyingi za serikali ya Marekani, taasisi isiyo na kiwango chake maalumu cha gharama hiyo inaruhusiwa kudai hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazohesabika. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 kabla ya Oktoba 2024. Kwenye dola 10,000 hiyo ni dola 1,500. Wafadhili wengine wana viwango vyao, na wengine hawatoi kabisa. Lakini mara nyingi mshirika mkubwa hujikatia sehemu yake nasi hatupati kitu, eti kwa kuwa hatukuomba. Ombeni. Si aibu kumlipa mlinzi.

Kisha kuna bei ya dola, ambayo mwanzoni mwa 2024 ilitutoa jasho. Januari mwaka huo dola moja ilibadilishwa kwa takribani shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mradi wa dola 40,000 uliopangwa kama shilingi milioni 6.4 ukajikuta na milioni 5.2. Milioni 1.2 ziliyeyuka huku mafundi na madereva wakidai malipo yaleyale ya shilingi. Kuizuia dola isishuke hatuwezi. Tunachoweza ni kuhakikisha mkataba unataja nani atabeba hasara, nani atabaki na faida shilingi ikianguka, na ripoti itatumia kiwango gani. Tume ya Ulaya, kwa mfano, hutangaza kiwango chake cha kila mwezi. Mkataba usipotaja chochote, hasara huangukia aliye mwisho wa mnyororo.

Kalenda nazo hazipatani: mwaka wa fedha wa serikali yetu huanza Julai 1, wa serikali ya Uingereza Aprili, wa Marekani Oktoba. Pangeni tarehe za ripoti mapema.

Kwa makumbusho ya umma, akaunti ya benki ya mradi haifunguliwi hivi hivi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka idhini ya Hazina ya Taifa. Anayechukua masurufu ya safari, yaani fedha za matumizi anazopewa kabla ya kuondoka, ana siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni awe ameyatolea hesabu. Mwelezeni mshirika taratibu hizi, maana asipozijua huona ucheleweshaji wetu kama uzembe.

Makumbusho ya jamii, kama yale ya Abasuba kule Mfangano yanayotunza michoro ya mwambani, yana wepesi zaidi, na hatari yao ni nyingine: fedha kupita kwenye simu ya mweka hazina. Hata awe mwaminifu kiasi gani, M-Pesa yake binafsi imechanganyika na karo ya watoto na mchango wa matanga. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na malipo ya simu yatoke kwenye laini ya kikundi ili taarifa yake ichapishwe ikiwa safi.

Tena, kuna risiti zinazojifuta. Karatasi za mashine za dukani na kwenye vituo vya petroli, kwa joto la Kisumu, hugeuka nyeupe baada ya miezi michache. Sheria yetu ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na mfadhili anaweza kutaka zaidi. Fuateni muda ulio mrefu. Mimi hutoa nakala siku ileile, naiandika namba ya vocha kwa kalamu ya wino, naibana pamoja na risiti yenyewe, kisha naiweka kwenye faili la mradi kabla sijanywa chai ya jioni.