Ukipotea mlimani, usikimbilie mto

Wengi tumekua na ushauri huu: ukipotea mlimani, fuata mto, utakutoa kwa watu. Ni kweli maji huishia bondeni. Shida ni njia yanayopitia. Katika milima ya Aberdare, Kenya, maporomoko ya Karuru hushuka kwa ngazi 3, jumla mita 273. Anayeteremka na mkondo wa namna hiyo hujikuta ukingoni, mawe yanateleza, kuta za korongo huku na huku, na kurudi juu hawezi. Nguo zimeshalowa, na baridi ya usiku wa huko si ya mchezo. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kelele za maji. Waokoaji wanaweza kupita karibu wakiita, usiwasikie, wala wao wasikusikie.

Heri utulie pale ulipogundua kuwa umepotea, au usogee kidogo hadi mahali peupe. Tandaza nguo ya rangi kali. Puliza filimbi mara 3, nyamaza, sikiliza, rudia. Simu ikigoma kupiga, jaribu ujumbe mfupi; wakati mwingine hupenya hata mtandao ukiwa hafifu. Yote haya, bila shaka, yanataka kuwe na mtu nyumbani anayejua umeingilia geti gani na ulitarajiwa kurudi lini.