Kusoma kwa ghibu si kusoma

Hapa Lamu kila muhula hanikosi mzazi wa kuja kifua mbele: "Mwalimu, huyu wangu kitabu chote anakimaliza!" Basi namwita mtoto, naiziba picha ya punda kwa kiganja, naweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari. Kimya. Halafu midomo inacheza: amerudi mwanzo wa ukurasa, anauimba kimoyomoyo mpaka alifikie lile neno.

Huyo hasomi, amehifadhi. Wenzake wameusoma ukurasa kwa pamoja darasani, masikio yake yakaudaka. Gredi ya kwanza mambo humwendea, maana maneno ni machache na picha ni kubwa. Afikapo gredi ya tatu habari zimerefuka, hazihifadhiki tena, ndipo naambiwa mtoto hodari amegeuka mvivu.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja haibadilishi sauti popote uiwekapo. Anayejua kuunganisha sauti husoma hata neno asilowahi kuliona. Kwa hiyo mimi huandika "tamiku" au "kemuta". Msomaji hutamka huku akicheka. Wa ghibu hunikodolea macho akitafuta jibu usoni mwangu. Wazazi hulalamika kwamba nampa mtoto maneno ya uongo. Sasa ya kweli si tayari anayo kichwani?

Na nyumbani acheni ile ya "em, a, em, a, mama". Ukiunganisha "em" na "a" unapata "ema", mtoto hana kosa. Mfundisheni sauti: "mmm", kisha "ma". Okoteni vifuniko vya soda, kila kimoja kiandikeni silabi moja, mmwachie apange mwenyewe. Siku atakayoipindua "kata" akaona imekuwa "taka", bila kuambiwa na mtu, njooni mjisifu nami nitawasikiliza.

Eti chuoni, kwenye madrasa, kunamchanganya kwa sababu huko husoma kutoka kulia? Hakumchanganyi. Akijua fat-ha na kasra, alama za irabu za Kiarabu, ameshaelewa kwamba alama hubeba sauti, nami huanzia hapo hapo. Kuhusu kuanza na Kiingereza ili "asichelewe": herufi za Kiingereza hubadilisha sauti kila mara, kwa hiyo anayeanzia huko ndiye anayechelewa.

Wengine, walimu wageni hasa, humkaripia mtoto aliyeona "njia" akasema "ndia". Jamani, neno amelisoma na maana ameipata, ila amelitoa kwa Kiamu, lahaja ya kwao hapa Lamu. Mwonyesheni ile "j" muendelee. Mkimfokea mbele ya wenzake, kesho hafungui mdomo.

Na yule anayefuata mstari kwa kidole msimpige mkono. Kinamshikia mahali alipofika. Akizoea atakiondoa mwenyewe.