Nani alikusomea mswada?

Kazi yangu ni kufuatilia mawasiliano ya mitandaoni, na kila nikialikwa kuzungumzia maandamano ya Juni 2024 hapa Kenya, swali huwa lile lile: nani alikuwa akiyaongoza? Nami huuliza: wewe Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya uliowatoa watu barabarani, ulisomewa na nani?

Maana kazi ilianzia hapo, kabla ya mtu kutia mguu barabarani. Mswada umeandikwa kwa lugha ya mawakili, kifungu juu ya kifungu. Vijana wakaukatakata. Nakumbuka video moja ya TikTok, haifiki hata dakika mbili: msichana ameshika mkate, anaeleza kwa Kikamba VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 itaufanya nini. Mkate wa shilingi 65 unapanda shilingi 10 na ushei. Basi. Nyingine zilikuwa za Kijaluo, Kikuyu, Sheng. Ndiyo sababu ushuru wa mkate ulipoondolewa tarehe 18 Juni watu hawakutulia. Walikuwa wameshazijua kurasa zilizobaki.

Hoja zilipikwa X, usiku, kwenye Spaces, vikao vya sauti vya mtandao huo. Namba za wabunge zikasambazwa ili "wasalimiwe", yaani wapigiwe simu na kutumiwa ujumbe kwa wingi, mbinu ambayo mimi siipendi, kwa kuwa namba ikishatoka humfikia na mwenye matusi. WhatsApp ilipanga nani akutane na nani, steji gani. Asiye na nauli alitumiwa kwa M-Pesa. Katikati ya vitoza machozi ikatumika Zello, programu inayoifanya simu kuwa redio ya upepo: unabonyeza, unasema polisi wamefunga barabara fulani, chaneli nzima inasikia.

Ila ukiiacha M-Pesa, yote hayo hupita bomba moja: intaneti. Tarehe 24 Juni Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake wabunge walipitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Siku hiyo hiyo mtandao ukadorora. Tukaambiwa ni hitilafu ya nyaya za baharini. Zello bila intaneti ni kitufe tu. Waliokuwa mjini walirudia simu za kawaida na kuulizana njiani.

Tarehe 26 Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Alipotaka kuzungumza na vijana, hakukuwa na mwenyekiti wala katibu wa kumwita Ikulu. Tarehe 5 Julai aliwafuata kwenye Space, akasubiri kuulizwa.