Kwa nini beji ya vita iliyokwanguliwa kwa tupa yaweza kuwa halisi?

Ichukue mkononi beji ya shambulio ya askari wa miguu wa Ujerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Ina shada la majani ya mwaloni, bunduki yenye singe iliyolala katikati, na juu kabisa tai. Mahali ambapo makucha ya tai yangeshika swastika, alama ya Wanazi, pamebaki bapa dogo lenye mikwaruzo. Wengi wakiona hivyo huirudisha mezani papo hapo: imeharibiwa, au ni bandia. Tusiwe na haraka hiyo. Mkwaruzo ule huenda ndio ushahidi bora kuliko vyote vilivyomo kwenye beji.

Beji hiyo ilianzishwa tarehe 20 Desemba 1939, na askari aliipata baada ya kushiriki mashambulizi matatu katika siku tatu tofauti. Vita vilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yalipiga marufuku uvaaji wa alama za kijeshi za utawala wa Wanazi. Beji zikalala kwenye makasha na droo hadi tarehe 26 Julai 1957, Ujerumani Magharibi ilipopitisha sheria ya kuruhusu nishani za vita zivaliwe tena, ila bila swastika. Kwa hiyo askari wa zamani aliyetaka kuivaa yake alikuwa na njia mbili. Moja ni kununua toleo jipya lililotengenezwa kufuata sheria. Katika Msalaba wa Chuma, kwa mfano, swastika ilibadilishwa kwa majani matatu ya mwaloni. Ya pili ni kuchukua tupa na kuikwangua ile ile aliyovishwa vitani.

Beji ya namna hii ya pili ni halisi na imebadilishwa, vyote kwa pamoja. Swali la kuuliza basi ni lini ilikwanguliwa.

Jibu limo katika mpangilio wa tabaka. Beji za mwanzo zilipigwa kwa aloi ya shaba na kupakwa fedha, lakini kadiri vita vilivyoendelea na madini kuadimika, viwanda vikahamia zinki. Zinki iliyokwanguliwa leo inang'aa. Ikikaa miaka inafifia, inashika rangi ya kijivu, na vumbi na jasho vinajikusanya ndani ya mifereji ya tupa. Weka lenzi ya kukuzia juu ya bapa lile. Kama mkato ni wa zamani, kijivu kimeingia ndani ya mifereji na kukutana na kijivu cha mabawa bila mpaka, na kingo za mifereji zimelainika kwa kushikwashikwa. Kama ni wa juzi, kingo ni kali, ndani kunameta. Mjanja akitumia tindikali kuizeesha, rangi yake hukaa sawasawa kila mahali, hata kwenye ncha zilizoinuka ambako vidole na nguo vingepaswa kuwa vimeifuta kwa miaka mingi. Beji iliyovaliwa kweli haichakai sawasawa.

Ndiyo maana naudhika kila ninapoona mtu anasugua beji kwa dawa ya kung'arishia. Anafuta kile hasa kilichoweza kuitetea.

Kusema kweli, wadanganyifu wengi hukwenda kinyume: hawaondoi, wanaongeza. Beji iliyo kamili ina bei kubwa kuliko iliyokwanguliwa, hivyo swastika hurudishwa kwa lehemu. Au beji ya kawaida ya askari wa vifaru hupachikwa kibao cha namba 25, 50, 75 au 100, madaraja yaliyoanzishwa Juni 1943 kwa waliopigana mara nyingi zaidi, ili ionekane adimu. Hapo joto huwaumbua. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, joto dogo kwa metali, kwa hiyo ni rahisi chomeo kuacha madoa, uso uliovimba, au mstari wa lehemu wenye rangi tofauti. Lakini ukilikuta doa kama hilo nyuma kwenye bawaba ya pini, tulia: pini zilivunjika na wenyewe walizitengeneza.

Bandia kamili ni habari nyingine. Mara nyingi husubiwa kwa kalibu iliyochukuliwa kwenye beji halisi, na metali ikipoa husinyaa kidogo. Hutoka ndogo kwa kiasi kinachopimika, mishipa ya majani imefifia, na lenzi huonyesha vishimo vya hewa.

Chapa ya mtengenezaji isikulaze. Kampuni ya Steinhauer & Lück ya Lüdenscheid ilitengeneza nishani wakati wa vita, kisha ikatengeneza matoleo ya 1957 pia. Hata hati ya tuzo yenye jina, sahihi na mhuri haitoshi peke yake, kwa sababu beji hizi kwa kawaida hazikuandikwa jina la mtu. Hati halali inaweza kuozeshwa beji yoyote. Nyota ya Burma ya Waingereza, ambayo baadhi ya familia zetu zinayo kutoka kwa mababu waliokuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), nayo ilitolewa bila jina. Hivyo hati ikishasomwa, lenzi inarudi pale pale chini ya makucha ya tai, kutazama kama kijivu kimeingia ndani ya mkwaruzo au kimeishia ukingoni.